Suti Iliyopasuliwa Mgongo

Mwaka wa 2007, mwezi wa tatu, mwanamke mmoja aliingia dukani kwetu Al Twar, kule Gulf, akaniomba nipasue mgongo wa suti ya mume wake.

Kuanzia kwenye kola hadi chini. Koti, shati na suruali.

Mume mwenyewe, kwa maneno yake, alikuwa hai.

Naitwa Metrine. Wale wa pande za kwetu Bungoma najua mmeshashtuka tayari. Wengine ngoja niwaeleze, tusije tukaachana njiani.

Kabla sijaenda Gulf nilijifunza kushona kwa shangazi yangu. Kibanda chake kilikuwa kinatazamana na geti la mochari. Biashara yetu kubwa haikuwa yunifomu za shule wala nguo za harusi. Ilikuwa ni marehemu.

Familia inakuja na suti mpya, bado ina lebo. Marehemu amekauka, mkono haukunjiki, huwezi kuuingiza kwenye koti kama vile unamvisha mtoto. Kwa hiyo unapasua mgongo wote, unaweka kamba tatu nne. Wanamvisha kwa mbele, wanafunga kwa nyuma, wanamlaza. Watu wakipita kumuaga wanasema, aki amependeza.

Nimepasua suti nyingi sana maishani. Ya mwisho kabla sijapanda ndege ilikuwa ya baba yangu. Mkasi ulinishinda, shangazi akanipokonya akamalizia.

Sasa mnaelewa kwa nini nilipoambiwa "pasua mgongo" niliona mochari.

Wacha nirudi mwanzo.

Ilikuwa asubuhi, dukani tulikuwa wawili. Mimi mbele na cherehani, Hamuza nyuma na pasi. Hamuza ni Mganda, Mwislamu, mtu wa maneno machache lakini akisema linauma. Duka lilikuwa la arbab wetu, Saif, ambaye alikuwa anapitia mara moja kwa wiki kuhakikisha hatujalala.

Mama akaingia. Abaya nyeusi, mkoba mkubwa, uso wa mtu aliyekuwa mrembo na bado anajua.

Nikamwita madam, kama tunavyowaita wote.

"Wewe Mkenya?" akauliza.

"Ndiyo, madam."

"Basi sema Kiswahili, mwanangu. Mimi nimezaliwa Unguja. Niite Bi Thureya."

Nikafurahi, sitadanganya. Siku nzima unasema yalla na khalas na inshallah, halafu mtu anakuletea Kiswahili kitamu hivyo. Nikampa kiti kile kizuri.

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa ya kampuni ya meli za kitalii. Yeye na bwana wake walikuwa wanaruka hadi Italia mapema mwezi wa nne, wapande meli, wazunguke siku kumi mpaka Istanbul.

"Nisomee hapo penye mavazi," akasema. "Maandishi madogo haya yananishinda."

Nikamsomea. Kutakuwa na jioni mbili za kuvaa rasmi, mezani na nahodha. Wanaume suti nyeusi au ya buluu nzito na tai ya kipepeo. Wanawake gauni refu. Na wageni wakumbuke kubeba nguo za joto, kwa sababu mwezi wa nne baharini upepo bado ni wa baridi.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema. "Sitaki kubahatisha."

Akanitandazia magauni matatu mezani. Moja la mahameli nyeusi. Moja la shifoni ya rangi ya maziwa. Moja la hariri nzito ya kijani, kijani cha majani ya mgomba baada ya mvua.

Hapo ndipo mimi huwa najiona profesa.

"Shifoni weka kando, utaganda nayo. Chukua mahameli. Inashika joto, na nyeusi haiwezi kukosea kwenye chakula cha wakubwa."

"Nyeusi nimeivaa kila siku ya Mungu tangu nihamie huku. Nataka kijani. Nataka nionekane pichani."

"Lakini hariri upepo utapenya, Bi Thureya."

"Tia bitana."

"Sawa."

"Tia mbili."

Nikamwangalia. Bitana mbili ni za mtu anayeenda kukaa ndani ya friji. Yeye mwenyewe alikuwa amejikunyata pale kwenye kiti, mtandio ameuvuta hadi kidevuni.

"Na hiyo AC ipunguzeni jamani. Baridi inaniingia mifupani."

Hamuza kule nyuma alikuwa anatiririka jasho. Tukaipunguza.

Nikampima. Kiuno inchi thelathini na sita. Nikaandika kwenye daftari langu. Nikamwambia nitaacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili siku akinenepa tupanue. Kila fundi hufanya hivyo, ni heshima kwa mteja.

"Usiache," akasema. "Hii naivaa safari hii tu."

Haya. Pesa ni zake, gauni ni lake.

Kisha akatoa suti.

Ilikuwa suti nzuri ajabu, ya sufu, buluu nzito, ya mwanaume mrefu mwenye mabega. Akaipapasa kwa kiganja kabla hajanipa.

"Bwana wangu Zahor," akasema. "Miaka thelathini ameingiza meli za watu bandarini. Hajapanda hata moja kama abiria. Nataka akae kwenye meza ile kama wenzake."

"Ipunguzwe?"

"Ipunguzwe ubavuni, amepungua. Vipimo nimeviandika mwenyewe. Halafu mgongo upasue wote, utie kamba. Shati hivyo hivyo. Suruali nyuma hivyo hivyo. Mbele pasionekane kitu."

Nikaweka tepu chini.

"Bi Thureya," nikasema polepole, "si umlete nimpime mwenyewe?"

"Haji."

"Basi nije nyumbani."

"La."

"Ako sawa lakini? Anaumwa?"

Akanitazama, na ule utamu wote ukaondoka usoni.

"Bwana wangu ni bwana wangu. Wewe shona. Na watu wasijue. Suti hii ikitoka hapa, iwe ni suti tu."

Nikaangalia ile karatasi ya vipimo. Mimi kwa miaka minne nilipokea vipimo vya watu waliolala, navijua. Mtu aliyesimama unapima urefu wa suruali mpaka kisigino. Hapa iliandikwa mpaka kifundo cha mguu, basi. Mtu aliyesimama unapima mkono ukiwa unaning'inia. Huyu alipimwa mkono ukiwa umewekwa juu ya tumbo.

Alipotoka nilibaki na ile karatasi mkononi hadi Hamuza akachungulia kuona kama nimezimia.

Siku kumi baadaye alirudi kujaribu gauni.

Lilikuwa limelegea. Nikapima tena, kiuno thelathini na nne na nusu. Nikaona haya, nikidhani nimekosea mara ya kwanza.

"Umefunga kula, Bi Thureya?"

"Chakula hakipiti, mwanangu. Safari inanishughulisha."

Nikapiga pini, kimoyomoyo nikisema, ndiyo, itakushughulisha. Dhambi haijawahi kunenepesha mtu.

Ndiyo, tayari nilikuwa nimemhukumu. Nawaambia ukweli wangu.

Siku hiyo tulichagua vitu vidogo. Tai ya kipepeo, akataka ile ya kubana kwa klipu mbele, si ya kuzungusha shingoni. Kitambaa cheupe cha mfukoni. Mfuko wa nje akasema niuache wazi na upana wa kutosha, mkono uingie wote.

"Na viatu?" nikauliza. "Wanaume pale watakuwa na vile vyeusi vya kung'aa."

"Soksi tu. Soksi nzito za sufu."

"Bila viatu? Chakula na nahodha?"

"Hatakanyaga chini."

Alisema hivyo kama mtu anayesema sukari imeisha.

Nikamkabidhi koti aende nalo akalijaribishe nyumbani. Akaligeuza, akavuta kamba moja baada ya nyingine, mpaka zote.

"Mshono uwe madhubuti. Na kuwe na ziada ndani, hili lidumu. Atakayemvisha si mimi. Fanya iwe rahisi, hata mtu mwengine asiyemjua aweze."

Wasee, mmesikia hayo?

Kwetu wanaovisha ni watu wa mochari. Watu wengine, wasiokujua.

Alipoondoka nikaenda nyuma kwa Hamuza na kumwambia kila kitu. Kuhusu mochari, baba yangu, zile kamba. Nikamwambia huyu mama anampeleka mumewe baharini kumuua, na nguo ameshamwandalia.

Hamuza akasimamisha pasi.

"Nnyabo, huyo mzee ni Mwislamu?"

"Anaitwa Zahor. Wewe unaonaje?"

"Mwislamu anazikwa na shuka nyeupe. Hakuna suti. Hakuna tai ya kipepeo. Mawazo yako yamekosea nyumba."

Hapo ningetulia. Mtu mwenye akili angetulia. Lakini hofu ikishakuingia, kila unachoambiwa unakigeuza kiwe chake.

"Basi ni vibaya zaidi," nikamjibu. "Inamaanisha hatamzika. Anamvisha apite mbele ya watu kama mtu aliyeshiba akasinzia, halafu usiku anamtosa. Nani atamtafuta kule?"

Hamuza akachukua shati jingine.

"Wewe unaangalia sinema nyingi," akasema, akarudi kwa pasi yake.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu Bi Thureya akapiga simu. Hajisikii kutoka, miguu imekuwa mizito, dereva atakuja kunichukua na gauni nimjaribishie kwake Mirdif.

Nikaenda, na nyinyi pia mngeenda. Nilitaka kumwona huyo mzee kwa macho yangu.

Nyumba ilikuwa kubwa, mapazia yote yamefungwa saa nne ya asubuhi. Dada wa kazi akanifungulia, Mganda, anaitwa Resty. Msichana mnene mpole mwenye macho mekundu, kama mtu aliyetoka kulia.

"Mzee yuko?" nikamnong'oneza.

"Amelala."

"Saa hii?"

"Mzee huwa amelala," akasema, akaangalia chini.

Amelala ama amelazwa?

Akaniambia nisubiri koridoni. Mlango mmoja ulikuwa wazi kidogo. Sikuusukuma. Nilisogea tu, kidogo.

Ndani kulikuwa na kitanda. Juu ya kitanda kulikuwa na mto mrefu, ule wa kukumbatia, umelazwa katikati kama mtu. Resty akaingia, akachukua lile koti langu la buluu, akaanza kuuvisha ule mto. Mkono mmoja, halafu mwingine. Akaugeuza ubavu, akafunga kamba nyuma, akaulaza.

Bi Thureya alikuwa amekaa kwenye kiti, saa mkononi.

"Polepole mno," akasema. "Tena. Upande wa kushoto kwanza. Usimvute bega. Na usilie. Ukilia hutaona kamba."

Resty akapangusa macho akaanza upya.

Walikuwa wanafanya mazoezi.

Nilipoitwa kumjaribishia gauni nilimchoma na pini. Hakusema hata "aa." Kiuno thelathini na mbili. Nikaandika kwenye daftari chini ya zile nyingine, nikafunga daftari.

"Kamba zinachelewesha," akaniambia. "Zitoe. Tia vile vipande vya kubandika, vile vinavyolia kraa ukivibandua. Nahitaji kufikia Alhamisi ijayo, Ijumaa yake tunaruka."

Nikabeba koti na gauni. Mlangoni Resty alinishika mkono ghafla.

"Dada, fanya vizuri," akasema. "Mama ana haraka. Muda umebaki kidogo."

Ndugu zangu, mimi ningefanya nini? Kwenda polisi? Niseme nini, eti mama ameagiza vipande vya kubandika? Pasipoti yangu ilikuwa kwa arbab. Neno moja baya kuhusu familia yenye heshima na ningejikuta Nairobi na begi moja. Nina mtoto alikuwa darasa la tatu wakati huo, anakula kwa mkono huu.

Lakini mzee angekufa. Hilo ndilo lililokuwa linanizunguka. Kuna baba wa watu analala nyuma ya pazia, na mimi ndiye ninayemshonea. Wa kwangu nilimshonea akiwa ameshaenda. Huyu bado.

Jumatano nikamaliza koti. Nikalipiga pasi mwenyewe. Kisha nikachana karatasi kwenye daftari nikaandika:

"Mzee Zahor, ukiipata hii kabla ya ndege usiende. Hii suti imeshonwa kama ya maiti. Mke wako ana mpango na wewe. Mwambie mtu unayemwamini. Ni mimi Metrine, fundi."

Hamuza akaisoma juu ya bega langu.

"Na jina umeweka?"

"Onyo bila jina ni umbea."

"Arbab akijua, khalas, tumekwisha. Wewe na mimi."

"Wewe hukuona kitu."

"Nimeona," akasema. "Nimeona fundi mzuri akiwa mjinga." Lakini hakuichukua.

Nikaikunja mara nne, nikaiingiza kwenye mfuko wa ndani upande wa moyo. Mtu akivaa koti, huweka mkono hapo. Dereva akaja Alhamisi saa nane, akabeba.

Basi.

Ijumaa hiyo kila ndege iliyopita juu ya Al Twar nilisimamisha cherehani.

Zikapita siku kumi. Wiki tatu. Nikawa nasoma kila gazeti ambalo wateja wameacha, nikitafuta mzee aliyeanguka melini. Hakuna. Mwezi wa tano ukaingia, joto likaanza kutuchoma, na Bi Thureya hakuonekana, hakupiga simu. Nikajiambia ameshamaliza, ameridhika, yuko kwenye ile nyumba ya mapazia anaangalia picha zake za kijani. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilimchukia hadi kwenye maombi.

Mwisho wa mwezi wa saba gari likasimama nje ya duka. Lile lile.

Dereva akashuka, akafungua buti, akatoa kiti cha magurudumu.

Nikasimama. Pini zikamwagika.

Resty akashuka upande wa pili, na pamoja na dereva wakamtoa mwanaume mrefu, mwembamba, ndevu nyeupe zimechongwa vizuri, kanzu safi. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja tumboni. Mguu mmoja ulikuwa umevimba ndani ya soksi nzito. Wakamkalisha, Resty akamsukuma hadi mbele ya meza yangu.

"Huyu ndiye fundi, mzee," Resty akasema.

Mzee Zahor alikuwa hai. Aliniangalia kwa macho yaliyo wazi kabisa, ya mtu ambaye akili yake haina hata tundu.

"Kiharusi," Resty akaniambia. "Miaka miwili sasa. Upande mmoja haupandi, mkono hauingii kwa koti. Maneno pia ni kidogo kidogo. Yeye mwenyewe alikataa watu wa nje wajue. Alikuwa mtu mkubwa bandarini, hakutaka ahurumiwe."

Mkono umewekwa juu ya tumbo. Hatakanyaga chini. Nilikaa kwenye kiti kile kizuri cha wateja bila kujua.

"Wueh," nikasema. "Na Bi Thureya? Mbona hajaja?"

Resty akainama akarekebisha soksi ya mzee. Hamuza alikuwa ametoka nyuma, amesimama na shati la mtu mkononi. Nadhani yeye alielewa kabla yangu.

"Mama alifariki mwezi wa tano," Resty akasema. "Tulirudi, akakaa wiki tano."

"Alifariki na nini?"

"Saratani, ya tumbo. Alijua tangu Januari. Alituambia sisi wawili tu, mzee na mimi. Alisema ana mambo mawili, ampeleke bwana wake kwenye meli na anifundishe mimi. Kuvisha, kulisha, kugeuza. Alianza na mto, kwa sababu nikikosea mzee anaumia. Mimi nilikuwa nalia kila siku, yeye ananigombeza."

Pasi ya Hamuza ilikuwa inatoa mvuke peke yake kule nyuma.

Resty akafungua mfuko, akatoa koti la buluu. "Sasa linambana. Nimemlisha vizuri mno," akasema, akacheka kidogo huku machozi yanatoka. "Kila Ijumaa anataka avae. Mama alisema kuna ziada ndani."

Ziada ilikuwepo. Niliiacha mwenyewe kwa mikono yangu, kwa sababu aliniambia lidumu.

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto. Akauingiza polepole kwenye mfuko wa ndani wa lile koti, upande wa moyo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nilitamani sakafu ifunguke.

"Soma," akasema. Lilimchukua muda, lakini lilitoka lote.

Nikafungua. Maneno yangu ya kijinga yalikuwa pale pale. Nikataka kuanza kuomba msamaha, akatikisa kichwa, akafanya ishara ya kugeuza.

Nyuma kulikuwa na mwandiko mwingine, wa mtu aliyefundishwa kuandika zamani, herufi zimelala upande mmoja. Naujua kwa moyo sasa.

"Mwanangu Metrine. Karatasi yako niliiona wakati tunamvisha, jioni ya nahodha. Nikamsomea. Alicheka. Miaka miwili sijamsikia akicheka, nikamsomea tena. Nilikasirika kidogo, nisiseme uongo. Kisha nikafikiri. Kila jamaa niliyemgusia habari ya bwana wangu aliniuliza nitamweka wapi, kama mzigo. Wewe hujamwona hata uso, na umehatarisha kazi yako asidhuriwe. Basi nimeiacha humu mfukoni makusudi, akuletee mwenyewe. Mimi sitakuwepo. Koti likimbana mpanulie. Likichakaa mshonee jingine. Gauni lilinikaa vizuri, picha atakuonesha. Thureya."

Picha ilikuwa ndani ya mkoba wa Resty. Meza nyeupe, vioo nyuma yake na bahari ya kijivu ng'ambo ya vioo. Mzee Zahor amekaa wima ndani ya suti ya buluu, mkono ule mbovu umetiwa mfukoni kama bwana yeyote anayejisikia. Hakuna ambaye angejua kuna nini mgongoni.

Pembeni yake Bi Thureya, kijani, anacheka. Shingo yake nyembamba kama ya msichana.

Nikalia. Nililia hadi Hamuza akageuza kile kibao cha mlangoni kiseme tumefunga. Mzee alinishika kidole kwa mkono wake wa kushoto, akakaa hivyo mpaka nikanyamaza. Yeye ndiye aliyefiwa na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Walipoondoka nikafungua daftari langu. Ukurasa wa mwezi wa tatu, jina lake juu.

Thelathini na sita. Thelathini na nne na nusu. Thelathini na mbili.

Niliandika mwenyewe, kwa kalamu yangu, tepu ikiwa imemzunguka na pumzi yake ikiwa kwenye nywele zangu. Bitana mbili. Baridi mifupani. Chakula hakipiti. Usiache ziada, naivaa safari hii tu. Mama alikuwa anakufa mikononi mwangu kwa inchi, na mimi nilikuwa nimekodolea macho suti tupu.

Nilimpanulia mzee lile koti mara mbili zaidi. Mwaka wa 2010 nilimshonea jingine, la kijivu, mgongo wazi, mfuko mpana. Sikukubali kulipwa, na Resty aliacha kubishana nami. Mzee aliondoka mwaka uliofuata, akavishwa shuka zake nyeupe, vile vile Hamuza alivyoniambia.

Sasa niko nyumbani, nina duka langu. Mnaoniuliza funzo ni nini, mimi sina la kuwahubiria. Nilijiona najua kifo kinavyovaa kwa sababu nilikulia mbele ya geti lake, na kilipokuja kimesimama mbele yangu kinaomba bitana mbili sikukitambua. Nilikuwa nimeshampata mwenye makosa, nikaacha kumwangalia mtu.

Siku hizi mteja akiingia, kabla sijachukua tepu namuuliza habari zake. Akisema nzuri, nasubiri kidogo, kwa sababu mara nyingi baada ya hapo ndipo anaanza kusema.